Nafasi ya Nne

Jarvis Tolliver alikuwa akifuta meza za bwalo la chuo ujumbe ulipoingia kwenye simu yake: usajili wako umefutwa. Aliusoma akiwa na kitambaa kilicholowa mkononi, akaurudia, kisha akamalizia meza zilizobaki kwa sababu msimamizi alikuwa anamwangalia.

Ilikuwa siku yao ya kutambulishwa. Tangu baridi ya Januari, yeye na wenzake walikuwa wakifundwa kuingia katika chama cha udugu, kile ambacho vijana weusi wa chuo hicho cha Alabama hukitamani kuliko hata shahada yenyewe. Walitembea kwa mstari mmoja, walikula pamoja, walikariri majina ya waasisi mpaka wakayaota. Kwenye mstari Jarvis alikuwa wa nne. Nyuma yake alisimama Demarcus Hale, waliyelala naye chumba kimoja. Alasiri wangetoka mbele ya chuo kizima nyuso zikiwa zimefunikwa, wacheze ngoma yao ya kupiga miguu na makofi, halafu kila mmoja afunue uso na kutaja jina lake. Bibi yake, Odessa, alikuwa ameshapanda basi kutoka Mississippi kuja kumwona.

Alishuka amevaa kofia yake ya Pasaka, amekumbatia bati la keki ya karanga. Jarvis alikuwa amepanga kumficha. Bibi alimtazama mara moja tu, akamwuliza nani amemfanya nini. Akamweleza. Bibi akauliza ofisi iko wapi.

Foleni ya ofisi ya misaada ya wanafunzi ilifika nje ya mlango. Walipofikiwa, Bi Pruitt, afisa mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka, aliwaambia kwamba msaada wa serikali anaosomea Jarvis ulichaguliwa kukaguliwa, na ukaguzi unataka saini ya mzazi. Iliyoletwa ni ya bibi. Muda ulipokwisha, kompyuta ilimwondoa yenyewe.

"Mimi ndiye niliyemlea," Bibi Odessa alisema. "Aliachwa kwangu akiwa bado kwenye nepi."

"Nakuelewa, mama. Una hati ya mahakama inayosema wewe ndiye mlezi wake?"

"Alipokuwa akibanwa na pumu usiku, sikuiona mahakama pale chumbani."

Bi Pruitt alishusha pumzi. Aliuliza kama mama mzazi yuko hai. Bibi akasema hajui. Mara ya mwisho alisikika yuko Texas.

"Hapo ndipo nilipokwama. Siwezi kuandika kwamba yupo, wala siwezi kuandika kwamba hayupo. Mnisamehe kusema hivi, lakini angekuwa amefariki ingekuwa rahisi."

Bibi Odessa aliinamia bati lake la keki.

"Unayemsema ni binti yangu," alisema hatimaye.

Bi Pruitt aliomba radhi, na ilionekana imetoka moyoni. Akawaambia wajaribu tena muhula ujao. Kisha akamwita aliyefuata.

Nyuma ya ukumbi wa michezo wenzake walikuwa wakivaa. Bwana Whitlow, mlezi wa chama, alikuwa ameshapata habari. Chuo kilikagua majina adhuhuri na kumrudishia la Jarvis likiwa limekatwa, kwa kuwa asiyesajiliwa haruhusiwi kuingia chamani. Whitlow ndiye aliyewaambia majuma yote yale kwamba mmoja wao akianguka wameanguka wote. Sasa alikuwa akirekebisha tai yake, hamtazami mtu.

"Mzee, uso si utakuwa umefunikwa?" Demarcus alisema. "Acha acheze. Wakati wa kutaja majina anachomoka kimyakimya. Nani atajua?"

"Wakijua, chama kinafungwa. Miaka yote hii, kwa ajili ya mtu mmoja."

"Sasa tulikuwa tunaapa nini, Mzee?"

Whitlow alirudi kwenye tai yake. Wote walimgeukia Jarvis, naye akaona kwamba wakiambiwa wamchukue, watamchukua.

"Nendeni, ndugu zangu," Jarvis alisema. "Msiharibu siku. Bibi yangu kaja kuangalia ngoma."

"Zibeni nafasi," Whitlow akasema. Demarcus akasogea hatua moja mbele, mahali pa Jarvis.

Uwanja ulijaa. Wazazi walibeba maua na maputo, wasichana walipiga vigelegele hata kabla mstari haujatokea. Jarvis alikaa karibu na bibi yake akiwa bado na fulana ya bwalo, maana nguo alizoshonewa kwa siku ile alikuwa amezirudisha. Ngoma ilipoanza miguu yake ilicheza chini ya kiti bila kuambiwa. Bibi alimshika goti, si kwa kumzuia. Walipiga vizuri. Hakuna aliyekosea, na hakuna ambaye angejua kwamba pale katikati paliwahi kuwa na mtu mwingine.

Wakaanza kufunua nyuso. Wa kwanza alipaza jina lake, familia yake ikalipuka kwa kelele. Wa pili. Wa tatu. Ikafika nafasi ya nne, ambayo sasa ilikuwa ya Demarcus. Alishika kitambaa cha usoni, asikivute. Uwanja ulisubiri. Whitlow akakohoa.

Katika kimya kile Bibi Odessa alisimama.

"Jarvis Tolliver," alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayemjibu mtu mlangoni. "Mtoto wangu."

"Bibi, kaa," Jarvis alinong'ona. Hakukaa.

Msichana wa kiti cha mbele aligeuka akitabasamu, akamwuliza ni yupi kati ya wale.

"Huyu," Bibi akasema, akamwekea Jarvis mkono begani.

Msichana alimtazama Jarvis, akaitazama na fulana yake ya bwalo. Kisha akageuka mbele. Demarcus alikuwa ameshataja jina lake mwenyewe na watu wanashangilia.