Mtihani wa Kasia Kwenye Mto Mkavu

Asubuhi ya mtihani, Sufuria aliushusha mtumbwi kutoka juu ya gari, akaulaza kwenye mchanga, akakaza mikanda ya jaketi lake la kuokolea. Mto ulikuwa umekauka tangu shamba kubwa la maua kule juu lilipofunga lango la bwawa lake. Tarehe ya mtihani lakini haikubadilishwa, na mkaguzi alishafika, naye kavaa jaketi, maana kanuni ni kanuni.

Jina la Sufuria alilipata kazini. Safari zote za porini yeye ndiye aliyebeba vyombo na kupika, huku wanaume waliomkuta pale wakipewa beji ya kuongoza. Beji hiyo aliitamani mpaka ikamkosesha usingizi.

Wifi yake alikaa mbele, mkaguzi katikati, yeye nyuma.

"Wewe piga kushoto tu, wifi. Mengine niachie."

"Haya. Nikitapika usinilaumu."

Sufuria akachoma kasia mchangani, akavuta, na mtumbwi ukaondoka. Mwanzoni walikwenda polepole, kwani pale mto ni mpana na haujui haraka. Baada ya kona mkondo ukawashika. Mkaguzi akavua miwani, akafuta matone, akaivaa tena.

Kwenye mawe mawili Sufuria alichovya kasia ubavuni, akavutia kwake, wakapenya katikati bila kukwaruza popote. Wifi akapiga vigelegele, wimbi likamjaa mdomoni, akalitema na kuendelea na vigelegele vyake.

Walipokaribia maporomoko, Sufuria alielekea ukingoni. "Hapa hatupiti. Tunabeba."

Wakabeba mtumbwi mabegani, wakashuka kwa njia ya miguu. Mtahiniwa wa wiki iliyopita aliyadharau maporomoko hayo kwa kuwa hayakuwa na maji, na mguu wake bado uko kwenye plasta. Chini walipanda tena, wakapiga kasia hadi darajani, ambapo mtihani huishia.

Mkaguzi alikamua soksi zake, kisha akambandika Sufuria beji kifuani. "Hongera, kiongozi. Umefaulu."

"Nimefaulu!" Sufuria alipiga ukelele, akamkumbatia wifi, wakaanguka wote wawili mchangani, na mchanga ukawaganda mwili mzima kwa jinsi walivyolowa.

Akina mama wa kijijini walikuwa wamesimama chini ya daraja na ndoo tupu. Kiongozi mpya akainuka, akachukua sufuria yake, akachota maji yaliyoingia mtumbwini wakati wa mawimbi, akawajazia ndoo moja baada ya nyingine mpaka yakaisha. Mto ulikuwa mkavu vilevile. Kule juu pampu za shamba zilinguruma kama kawaida.

"Kesho mna safari?" mama mmoja akauliza.

Kiongozi akaiweka beji yake sawa.

"Ipo. Tena leteni mapipa."