Folda ya Majibu

Fundi wa kompyuta wa zahanati ile hakutulia asubuhi nzima. Ataketi mbele ya seva, atainuka, atachungulia korido, atarudi, utadhani kakalia siafu. Juzi yake mke wa dereva mmoja alikuwa amejua majibu ya vipimo vya mumewe kabla dereva mwenyewe hajaitwa na daktari. Asubuhi hiyo dereva alikuja juu, na alikuwa na haki. Daktari mkuu akamwagiza fundi aifunge folda ya majibu ya maabara siku hiyohiyo, tena amtafute aliyeifungua.

Kufunga alikujua. Folda ilikuwa imeachwa wazi kwa mgeni yeyote kwenye mtandao wa zahanati, haulizwi jina wala neno la siri. Fundi, binti wa watu, akawafungulia akaunti daktari na wapimaji wawili wa maabara, kila mmoja na neno lake la siri, akaandika kwenye mipangilio kwamba wageni hawaruhusiwi, akaiwasha huduma upya. Akaenda kujaribu kwenye kompyuta ya mapokezi. Ikamkatalia. Alipopitia folda kubwa ya ofisi, iliyoibeba ile ndogo tumboni, majibu yote yakafunguka peupe. Mlango wa mbele kaufunga, wa uani u wazi! Akarudi mbio, akaufunga na huo.

Ikabaki kumpata mtu. Kumbukumbu za seva hazikutaja jina. Zilisema tu kwamba mgeni aliingia juzi ile saa nne na dakika kumi, kutoka kompyuta ya mapokezi. Na mapokezi hukaa mtu mmoja tu, shangazi yake, dada wa baba yake, aliyehangaika hadi akampatia kazi ile.

Mchana shangazi alimfuata chumba cha seva, akarudishia mlango. Akaomba apewe neno la siri, la dharura tu. Watu wanakaa kwenye benchi roho mkononi, alieleza, na yule mke wa dereva alimtia huruma, akamchungulia majibu. Hakuwa na nia mbaya.

"Sikupi, shangazi," fundi alisema. "Na daktari akiniuliza, sitamficha."

"Hata mimi, mwanangu?"

"Hata wewe."

Shangazi akatoka. Fundi akabaki amesimama, akisikiliza viatu vyake koridoni, hajui vinaelekea mapokezi au getini. Vikasimama mlangoni kwa daktari. Ikabishwa hodi.

Shangazi hakufukuzwa. Alihamishiwa stoo ya vifaa, na akatakiwa aende kumwomba dereva radhi. Alikwenda. Dereva alimsikiliza amesimama, akasema amesikia, basi. Matibabu akayahamishia kwingine.

Siku nane shangazi hakumsemesha mtoto wa kaka yake. Siku ya tisa alipiga simu kutoka stoo: printa imegoma, aje amtazamie. Fundi aliziteremka ngazi mbili mbili.