Sikio la Kulia

Mchapaji aliishi kwa masikio yake. Ofisi zilimpelekea sauti za vikao na mahojiano, naye akaketi chumbani, hedifoni kichwani, akizigeuza kuwa maandishi. Hedifoni za zamani zilipokatika waya alinunua mpya, nyeusi, zenye sponji laini, akazitumia siku kadhaa bila neno.

Siku moja mdogo wake wa kike, aliyekuwa akikaa naye, akaziazima asikilize muziki huku akifua. Hakufika hata kwenye beseni.

"Dada, hizi mbovu. Kulia hakulii kabisa."

"Basi umeziharibu sasa hivi."

"Mimi tena? Si nimezivaa tu."

Mchapaji alizivaa, akazivua, akazivaa tena. Kwake zilikuwa vilevile. Kesho yake alizirudisha kwenye kasha, akachukua risiti, akaenda dukani huku akimnung'unikia mdogo wake kimoyomoyo.

Muuzaji, mwanamume mwenye kipara, hakuwa mkorofi. Alizichomeka kwenye simu yake, akasikiliza.

"Kweli, kulia kumekufa. Lakini mama, mbona hukuzileta siku ileile? Ubovu huu haujifichi."

Akampa nyingine. Muziki ukamjia mchapaji kushoto tu.

"Hizi pia."

Muuzaji akazijaribu. "Mbona zinalia?" Hata hivyo akafungua kasha jingine. Wateja waliokuwa nyuma wakaanza kuguna.

Mchapaji alizivaa, akataka kusema hata hizo ni mbovu, akasita. Akazigeuza, ya kulia akaiweka kushoto. Muziki ukalia. Akazirudisha zilivyokuwa. Kulia, kimya.

"Mama," muuzaji akasema taratibu, "umewahi kupimwa masikio?"

"Hizi ziko sawa. Nifungie."

Njiani mambo yakaanza kumrudia moja baada ya jingine. Yule mwendesha baiskeli ambaye yeye alimtukana kwa kutopiga kengele. Jirani aliyenuna akidai salamu yake haikuitikiwa. Mdogo wake, ambaye kila mara alimkemea aache kunong'ona. Kumbe watu wote hao hawakuwa na kosa.

Nyumbani mdogo wake alizijaribu zile mpya, akafurahi. "Si nilikwambia?"

"Ulisema kweli. Na sikio langu la kulia nalo ni bovu."

"Sikio la kufa halisikii dawa," mdogo mtu akatania, halafu akamtazama dada yake usoni, kicheko kikamkauka. Aliketi karibu naye kitandani, asijue aombe radhi kwa lipi.

Walikwenda hospitali pamoja. Daktari hakuzungukazunguka: la kulia halirudi, na la kushoto limeanza kudhoofika. Kazi ya kusikiliza kutwa, akamwambia, iachwe.

"Nikiiacha nitakula nini?" mchapaji akauliza. Daktari akainamia karatasi zake.

Hakuiacha. Ofisi hazikuambiwa kitu. Sauti nzito za wanaume aliziandika bila taabu. Za wanawake wapole zilimponyoka, akawa anarudi nyuma, anarudi tena, kisha anaacha pengo. Mdogo wake akirudi kutoka kazini huvaa hedifoni, akasikiliza kila pengo na kulijaza. Mchapaji humtazama vidole. Mara nyingine neno lenyewe huwa jepesi kabisa, kama "asante" au "hapana", na hapo ndipo huinuka akaenda kusimama uani.