Debra Kwenye Mstari Mweupe

Siku ya Jumatatu, Mwalimu Carolyne alichora kivuko cha waendao kwa miguu kwenye sakafu ya darasa la chekechea, Kangemi, kwa chokaa iliyobaki baada ya kupaka choo cha shule. Somo lilikuwa mazingira yetu. Watoto wanne walifanywa magari, waliobaki wakawa watu. Wale magari walifurahi zaidi. Wote waliimba: tazama kulia, tazama kushoto, kulia tena, inua mkono.

"Ukiwa kwa mistari nyeupe, gari inaweza kukugonga?" mwalimu aliuliza.

"Haiwezi, ticha."

Aliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Debra, miaka mitano, mtoto wa Jacklyne anayeuza sukuma wiki ng'ambo ya barabara kuu. Lilikuwa somo zuri. Mwalimu Carolyne alikuwa amelifundisha miaka kumi na moja, na hakuwahi kufikiria kwamba barabara ile haina kivuko, ila ina mistari mingine myeupe, ile ya katikati inayotenganisha magari. Mtu mzima haitilii maanani. Mtoto anaiona.

Jumanne, Jacklyne alichelewa kumfuata mtoto kwa sababu ya mteja aliyetaka mboga ikatwe nyembamba. Debra alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Alikimbia hadi katikati, akasimama juu ya mstari mweupe, miguu pamoja, mkono juu. Watu wa bodaboda waliomwona walisema hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Lori la kokoto lilikuwa linajaribu kulipita lori lingine.

Walimzika Jumamosi huko Mutuini, kwenye shamba la babu yake. Jumatatu asubuhi alikuwa amerudi pale kwenye mstari, akiwa na sare yake na kiatu kimoja. Kile kingine kilikuwa kwenye kituo cha polisi, kwa kuwa ni kielelezo cha kesi. Magari yalipita pande zote mbili. Madereva wachache walipiga honi ili ajibane. Waliokwenda sokoni walimsalimia kutoka kando ya barabara, naye akawaitikia wote, maana alilelewa vizuri.

Darasani, mwalimu alipofika kwenye jina lake katika rejista aliliruka.

"Ticha, Debra yuko," alisema Ken, anayekaa dawati la mbele. "Yuko kwa barabara."

Mwalimu Carolyne alirudi nyuma akaweka alama. Saa ya mapumziko alichukua kitambaa na maji akasugua sakafu. Chokaa ilififia lakini haikutoka.

Siku ya tatu Jacklyne alikuja shuleni. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Mwalimu, nimemwita mpaka nimechoka. Anasema ticha alisema."

"Mama Debra, mimi..."

"Sijakuja kukulaumu. Wewe ulimwambia asimame, basi wewe mwambie atoke. Nataka tu alale kwa nyumba, ama arudi Mutuini. Mvua inakuja."

Mwalimu Carolyne alikwenda mchana huo huo. Aliita kutoka kando, malori yakaimeza sauti yake. Alijaribu kuvuka mara nne, akarudi mara nne. Hakukuwa na pa kuvukia. Jioni alilia ndani ya stoo ya shule, kati ya mafagio, kilio cha mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Sijui kilio kibaya kuliko hicho.

Shule iliandika barua kuomba kivuko na tuta. Barua ilipokelewa ikapigwa muhuri. Baada ya wiki tatu walikuja mafundi wa rangi, wamevaa fulana za manjano, na bendera nyekundu. Mkubwa wao aliitwa Masila. Aliinua bendera, na magari yote yakasimama, pande zote mbili, dakika arobaini, ili rangi ikauke.

Walikuwa wanapaka upya mstari wa katikati.

"Inua mguu, mami," Masila alimwambia Debra. Debra akainua mguu, brashi ikapita chini yake, akaurudisha. Halafu ule mwingine.

Mwalimu Carolyne alifika katikati ya barabara kwa mara ya kwanza. Alichuchumaa mbele ya mtoto.

"Debra, twende kwa mama."

"Ticha, niko kwa mistari nyeupe. Gari haiwezi kunigonga."

"Hii si ile. Ile imelala hivi, kutoka huku mpaka kule, kama ngazi. Nilikosea. Sikuwaambia kuna mingine."

Debra aliangalia barabara upande wa mjini, kisha upande wa juu. Aliangalia sawasawa, kama alivyofundishwa.

"Iko wapi?"

Mwalimu alimgeukia Masila. "Rangi imebaki?"

"Imebaki mikebe tatu," alisema Masila, naye alionekana kuona haya. "Lakini karatasi imesema laini ya katikati pekee. Hiyo yako haiko kwa karatasi, madam."

"Haijachorwa," mwalimu alimwambia Debra.

"Basi nitangoja ichorwe."

Hapakuwa na kosa lolote katika jibu hilo. Angekuwa darasani angepewa alama ya vema.

Jacklyne alikuwa amesimama ng'ambo. "Amesema nini?"

"Amesema anangoja."

Jacklyne alitikisa kichwa taratibu. Alitoa sweta ya shule kwenye mfuko wa mboga, akampa Masila kwa sababu muda wa magari kusimama ulikuwa umekwisha na yeye ndiye aliyekuwa karibu naye. Masila akampelekea. Debra aliivaa mkono mmoja kwanza, kisha ule wa juu, akauinua tena ukiwa ndani ya sweta.

Rangi ilikuwa imekauka. Mwalimu Carolyne alirudi kando, Masila akashusha bendera, na magari yakapita.