Ringi Mbili kwenye Kiungo Kimoja

Ndoto ya jana usiku ilinipokea ugomvi ukiwa umeshakolea. Nimesimama ndani ya mtaro, kanga nimeikaza kiunoni, na jirani yangu baba Tausi amesimama mbele yangu. Kila mmoja ameshika ringi yake ya mpira kama mtu aliyeshika ushahidi.

"Mkia wa bomba ni wangu, na ringi itakuwa yangu," anasema baba Tausi.

"Na mdomo unaoumeza huo mkia ni wa nani?" namuuliza.

Mpaka hapo hakuna ndoto. Ugomvi huo ni wa kweli, mtaa mzima unaujua, na asiyeujua nilimsimulia mwenyewe huku nachambua mchele. Sisi hapa Morogoro tunakaa chini kabisa ya mlima, na masika maji hushuka kwenye uchochoro wetu kama yamekaribishwa. Safari hii tukakubaliana kulaza bomba, lile jeusi nene lenye mbavu mbavu kama kidari cha ng'ombe, kila nyumba na kipande chake, mpaka mtoni. Vipande vyote vimeshaungwa. Kimebaki kiungo kimoja tu, kati ya kipande cha baba Tausi aliye juu yangu na kipande changu mimi, mama Siku, niliye chini yake.

Kazi yenyewe si kubwa. Mkia wa bomba lake unavishwa ringi ya mpira, unasukumwa ndani ya mdomo mpana wa bomba langu, basi, maji hayapati pa kutokea. Ringi moja. Ila baba Tausi hakuiamini ya kwangu, nami sikuiamini ya kwake, tukavalisha zote mbili, na bomba likagoma. Kila mtu akavua ringi yake akaenda nayo kwake, na salamu zikakatika. Kiungo kile kikibaki wazi, mvua ya kwanza itapiga chini ya ukuta wa jiko langu, na ukuta wenyewe una ufa tangu masika yaliyopita. Jiko likianguka, nyumba yangu imekwisha. Nyumba yangu ni jiko. Vyumba vingine ni mahali pa kupita watu wakienda kula.

Sasa, tukiwa tunabishana, bomba likakohoa.

"Samahani," likasema, kwa sauti ya mtu aliyemo kisimani. "Kati ya wanaounga pasiwe na mchanga hata chembe."

Nikaangalia mdomo wake, ni safi, nilishaufuta kwa kitambaa. Bomba likasema halizungumzii mdomo wake. Nikainua macho, nikaona kati yangu na baba Tausi pana lundo la mchanga linalofika kifuani, kana kwamba lori limemwaga pale tangu asubuhi. Na kila chembe inaongea, tena kwa sauti yangu.

"Mimi ni lile neno lako la kwenye msiba wa bi Mwajabu," ikasema chembe moja, "kwamba chai ya kwa baba Tausi unaweza kuoshea vikombe."

"Ilikuwa kweli," nikasema.

"Mimi ni lile la suruali yake," ikasema nyingine.

"Hilo pia."

Chembe zilizoongea kwa sauti ya baba Tausi hazikuwa haba. Moja ikasema kwamba mimi hualika watu ili nipate wa kuwasengenya. Nikamgeukia, akajifanya anafunga kiatu. Hakuwa na viatu.

Bomba likatuambia tufute. Tukafuta, kila mmoja na kitambaa chake. Za uongo nikazitupa zote. Za kweli nilikataa kuzitupa. Nikazifunga kwenye pindo la kanga, nikaliambia bomba kwamba zikiwa pindoni haziko kati yetu. Likafikiri kidogo, likakubali.

Ghafla hatupo mtaroni tena. Tumo ndani ya bomba lenyewe, na ni refu na limepakwa rangi nusu ya ukuta kama ukumbi wa zahanati, lina mabenchi, na juu ya benchi zimekaa ringi mbili, yake na yangu, zinaongea kama wanawake waliosubiri kwa muda mrefu.

Ringi yangu haikuniamkia. Inamwambia mwenzake: "Mimi dada yangu nimelegea. Tangu niletwe nyumbani kwake nimekuwa nikibana kifuniko cha sufuria ya maharage. Mvuke umenimaliza."

"Umeanza lini kunisema nje?" nikaiuliza.

"Nimekulia kwako," ikajibu.

Mara Maji yakaja. Yametoka upande wa mlimani, yamevaa koti la mvua na yameshika mwavuli ili yasilowe. Yakatusalimu kwa adabu, yakapitisha kidole kwenye uwazi uliobaki kati ya kipande cha baba Tausi na changu, yakatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hapa ndipo pangu," yakasema. "Nitapitia jikoni. Naomba sufuria ziondolewe, na wageni waanze kuzoea kula makwao."

Na kweli, kupitia ule uwazi naliona jiko langu. Mafiga, ungo ukutani, ufa unaoingia ncha ya kijiko. Na mkeka mtupu. Mkeka wangu mimi, mtupu, saa ya chakula. Nimeota kaburi langu mara nyingi na sikushtuka namna ile.

"Hupiti," nikasema.

Maji yakaniambia kwa upole kwamba yamepita kwenye miamba, yamepita kwenye madaraja, na yalishapita kwenye ofisi ya watu wenye mihuri. Yakataka kujua mimi ni nani.

"Mimi mama Siku. Watu hula kwangu. Wewe ukitaka kuingia kwangu utabisha hodi mlangoni kama wenzako, uketi, unawe, usubiri sahani. Kwa kupitia ukutani hupiti, hata uje na mlima wenyewe mgongoni."

Maji yakacheka, yakakunja mwavuli. Ukumbi mzima ukaanza kutetemeka mbavu baada ya mbavu. Hapo nikamsikia baba Tausi nyuma yangu, na sauti yake haikuwa ya kugombana na mimi.

"Mimi mwenyewe sijala pale tangu tukosane," akayaambia Maji. "Mimi, jirani. Wewe utaanzaje?"

Hatukuangaliana. Nikachukua ringi yake kutoka kwenye benchi, kwa kuwa ya kwangu ilishajisema yenyewe, nikampa. Akaikalisha bondeni kati ya mbavu mbili za mwisho za mkia. Juu ya mbavu isingekaa hata dakika. Akauliza tunalainisha kwa nini. Nikatoa kiunoni kipande cha sabuni yangu ya mche, ile ya kijani, ambayo upande mmoja nimeichonga kwa kisu cha kitunguu. Tukapaka ringi, tukapaka mdomo, mpaka mikono yetu ikateleza kama kambale.

Tumerudi mtaroni, jua linawaka. Tunaegesha ubao nyuma ya bomba, tunatia mtaimbo, tunasukuma. Haliingii. Maji yanasukuma upande wa pili, na yana pumzi kuliko sisi.

Nikaita. Sikumtaja mtu, nilisema tu kwamba chakula kipo ila mlango umekwama. Wakaja wote waliowahi kula kwangu. Akaja bi Mwajabu ambaye tulishamzika, akapita moja kwa moja mpaka kwenye ubao, akauliza kama kuna limau. Tukasukuma wote. Mkia ukaingia mpaka kwenye alama ya chaki tuliyoiweka, ukalia kop, kama kifuniko cha kopo la kahawa.

"Sasa udongo," likasema bomba. "Mshindilie pande zote mbili sawa. Upande mmoja ukizidi, nalala ubavu."

Tukatupia udongo, na kwa kuwa hapakuwa na zana tukashindilia kwa miguu. Waliosimama na baba Tausi upande wao, waliosimama nami upande wetu, hatua kwa hatua, na mtu akaanza kupiga sinia. Wao wakikanyaga, sisi tunajibu. Chini ya miguu yetu nikayasikia Maji yakipita ndani, yananung'unika, yanagonga kiungo kwa kidole kutafuta pa kutokea. Nikapigisha kisigino palepale yalipogonga. Yakaenda zake mtoni.

Nikaamka kukiwa kumepambazuka. Nje paa zinadondosha. Mvua ilinyesha usiku, tena kubwa, na mimi sikuisikia. Nikakimbilia jikoni bila ndara, nikapitisha kiganja kwenye ufa kutoka juu mpaka chini. Kilitoka na vumbi. Vumbi kavu.

Ringi yangu ilikuwa kwenye kifuniko cha sufuria, imelegea, haina habari.

Hodi ikapigwa mlangoni. Baba Tausi, suruali imemlowa magotini, anauliza kama nimeiona ringi yake, alilala nayo chini ya mto na sasa haipo. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kitu, akakiweka kiganjani mwangu kama asiyetaka kushikwa nacho.

"Na hii nimeamka nayo," akasema. "Si ya kwangu."

Ilikuwa sabuni ya mche, ya kijani, imebaki nyembamba kama kucha, upande mmoja imechongwa kwa kisu.

Nikaitia kwenye pindo la kanga. Pindo lilikuwa na mchanga.

"Habari za ringi tutagombana ukishashiba," nikamwambia. "Ingia ndani, baba Tausi. Unawe, maharage yameiva."