Meno ya Mama Mkwe

Onyiego, fundi wa meno mjini Bomet, alikuwa na aibu moja iliyomkosesha usingizi. Meno aliyomtengenezea mama mkwe wake yalikuwa yamevunjika hadharani. Si mfupa ulioyavunja, ni mahindi ya kuchoma tu, tena kwenye harambee ya kanisa huko Sosiot. Mama Edinah alitema vipande kiganjani, akaziba mdomo kwa leso, na tangu siku hiyo hakula tena mbele ya mgeni.

Kosa lilikuwa la Onyiego, na alilijua. Mwanamume wa Kikisii hamtazami mama mkwe wake machoni, sembuse mdomoni. Humsalimu kwa mbali, wala hamshiki mkono. Ni daktari wa meno, Akello, aliyemchukua vipimo. Onyiego aliona haya hata kuuliza mama anakula nini na anatafunia upande gani, akamtengenezea meno ya kaure, membamba, mazuri ya kupigia picha. Basi picha zilipigwa.

Sasa kitinda mimba wa Mama Edinah, Nyamusi, alikuwa anachumbiwa na Kepher, na wazee wa Kijaluo walikuwa njiani kuja kujitambulisha. Mama Edinah aliapa hatatoka jikoni. Na mama wa msichana akijificha, wageni husema wamekataliwa.

"Uchumba wa Nyamusi utaharibika juu ya meno yangu," Onyiego alimwambia mkewe.

"Si uulize tu vile mama hukula?" Janefer akasema.

"Nimuulize aje mama yako kitu kama hiyo?"

"Basi nitamuuliza mimi."

Janefer alirudi kutoka Sosiot akicheka mpaka akakaa chini. "Anamenya miwa na meno. Anavunja mifupa ya kuku. Na kama hakuna opena, soda anafungua na hayo hayo."

"Ya soda umwambie aache," Onyiego akasema.

Hapo akaamua kutumia zirkonia, aina ya kaure ngumu kupita zote. Ni kitu cha ajabu, na Onyiego hachoki kukisifu. Kabla ya kuchomwa ni laini kama chaki, ukucha unaweza kukikwaruza. Mashine huyachonga meno yakiwa makubwa kuliko yanavyotakiwa, kwa sababu tanuri litayafinya, na yakitoka humo ni magumu kuliko hata chuma cha jembe la mama mkwe. Safari hii aliyachonga manene, matatu yaliyoungana, na nyuma alikotafunia mama akayaongeza unene zaidi.

Tanuri lake la umeme aliliwasha alfajiri. Huku kwenye majani chai mvua ya alasiri huja na radi, radi huondoka na stima, na zirkonia iliyokatiziwa moto ni ya kutupa. Mvua ilipoanza kupiga mabati, meno yalikuwa yameshaiva na kupoa. Akayasugua mpaka yakang'aa, yasije yakakwangua meno ya juu, kisha akampelekea Akello ayagandishe mdomoni mwa mama.

Siku ya wageni, Onyiego alikaa pembeni na macho chini, kama ilivyompasa. Kuku akaletwa. Mama Edinah alikuwa ametoka jikoni, lakini alikuwa anamega ugali tu. Kisha Onyiego akasikia mfupa ukivunjika. Ukavunjika wa pili. Ukaletwa muwa, na ganda lake likachanika kutoka juu hadi chini kwa mvuto mmoja.

"Mama huyu ana nguvu," mzee Jackton, baba yake Kepher, akasema kwa heshima. "Karibu atutafune sisi."

Wageni wakaangua kicheko, na Mama Edinah akacheka kuliko wote, bila leso.

"Haya meno ni ya mkwe wangu," akawaambia. "Ametengeneza na hajawahi kuyaona mdomoni mwangu. Onyiego, inua macho. Leo nimekuruhusu mimi mwenyewe."

Baba mkwe, Mzee Omwenga, akakohoa kwa nguvu. Mkewe hakujali.

Onyiego akainua macho. Mdomo wa mama ulikuwa wazi, na humo meno yake matatu yamesimama imara, nyuzi za muwa zikiwa zimenasa katikati. Furaha ikamjaa hata akasahau wazee, akacheka pamoja na mama mkwe wake, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe.