Karamu ya Getini

Obiero hakuwahi kusahau tarehe. Wengine hukumbuka nyimbo, wengine mabao ya mpira. Yeye alikumbuka vidole. Wanyoike, vidole vinne vya mkono wa kulia, Jumanne ya pili ya Machi 2011. Mourine, mama wa watoto watatu, kidole gumba, siku moja kabla ya Krismasi 2014, na msimamizi akamwambia aende nyumbani mapema kwa kuwa ni sikukuu. Obiero alifanya kazi miaka kumi na minne katika kiwanda kimoja cha mabeseni ya plastiki pale Thika, kibarua tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na katika miaka hiyo yote hakuna ajali hata moja iliyoandikwa kwamba ilitokea kiwandani. Kitabu cha zamu kilisema "aliumia nyumbani." Ukikisoma utadhani nyumba za Thika zina meno.

Hakufukuzwa. Kibarua hafukuzwi, huambiwa tu asije kesho. Alirudi chumbani kwake Mwiki, upande wa Ruiru, akaanza kuandika kwenye simu. Shule aliiachia darasa la saba. Hayo mengine aliyapata kwenye magazeti ya kufungia nyama, na kwa hasira.

Blogu alifunguliwa na Kagwe, jamaa wa saiba, duka la kompyuta karibu na stendi ya Thika. Obiero alimtajia jina polepole, neno baada ya neno: Kalamu ya Getini. Getini, kwa sababu hapo ndipo vibarua husimama kila asubuhi wakingoja mlinzi awanyooshee kidole: wewe ingia, wewe rudi nyumbani. Kagwe akapiga vitufe, akamchapishia na vikadi mia mbili vyenye anwani. Obiero alikuwa amekwisha kuvigawa karibu vyote alipokitazama kimoja vizuri. Akarudi saiba mbio.

"Kagwe, umeniandikia karamu."

"Eeh. Si ndivyo ulisema, mzee?"

"Nilisema kalamu. Ya kuandikia."

Kagwe akamtazama kwa huruma. "Sasa karamu si ndiyo ya kuandikia? Kwetu karamu ni hii." Akainua biro. "Hiyo yenu ndiyo iko na makosa."

"Karamu ni watu kukaa wakala! Harusi! Pilau!"

"Haiya. Na mtu akishiba si ataandika vizuri?"

Vikadi vilikuwa vimeshatoka mkononi. Obiero akaacha jina likae hivyo hivyo.

Aliandika mambo mengi: choo kinachofungwa kwa kufuli, madirisha yaliyopigwa misumari, msimamizi anayechagua wasichana kwa macho. Lakini posti iliyomkosesha usingizi ilikuwa ile ya mashine namba nne. Mashine zote za kubana plastiki hushuka mara moja, zikipanda unatoa beseni, basi. Namba nne ilikuwa inarudia. Inapanda, unadhani imemaliza, halafu inashuka tena yenyewe, hakuna aliyegusa kitufe. Mafundi waliambiwa, wakaleta grisi. Wafanyakazi wakajitungia njia yao: ikipanda, usipeleke mkono. Hesabu moja, mbili, tatu, ndipo utoe beseni. Aliyehesabu mpaka tatu alirudi nyumbani na mikono yake. Shida ni kwamba vibarua walibadilishwa kila mara wasije wakazoeana, na aliyejua alikuwa ameshaondoka kabla hajamwambia asiyejua. Obiero alitaka blogu ifanye kazi hiyo moja tu: mtu akipangiwa namba nne asubuhi, asome kabla king'ora hakijalia.

Walioisoma posti hiyo walikuwa kumi na mmoja. Mmoja wao ni yeye mwenyewe, akihakikisha kama imefunguka.

Ndipo akaipeleka blogu kwa Lynn. Lynn alikuwa binti wa rafiki yake wa kanisani, akifundisha watu namna ya kujulikana mtandaoni, katika chumba juu ya duka la simu pale Ruiru mjini. Alisoma blogu nzima huku anakunywa soda, kisha akaweka chupa chini.

"Anko, shida yako ni moja. Huna nishi."

"Niishi wapi tena? Si unajua nakaa Mwiki?"

Lynn alicheka mpaka akashika meza. "Si kuishi! Nishi. Kona yako. Kitu kimoja, mtu akisikia jina lako anajua anakuja kutafuta nini. Wewe leo ni choo, kesho ni serikali, keshokutwa ni mtu alikatwa mkono nikiwa nasari. Nani atakufuata hivyo? Watu wanatoka kazi wakiwa wamechoka, anko."

"Mimi naandika kinachowachosha."

"Ndiyo hapo sasa. Wanakijua. Ona hii."

Akamgeuzia kompyuta. Kulikuwa na posti moja iliyosomwa na watu elfu tisa. Obiero alidhani mtambo umekosea. Ilihusu kibanda cha Benta, kinachotazamana na geti la kiwanda. Alikuwa ameeleza jinsi mapumziko ya saa saba ni dakika ishirini, na jinsi waliofungwa bendeji hula kwa mkono wa kushoto, na Benta huwararulia chapati vipande vidogo kabla ya kuwapa, haulizi kitu. Chini ya posti wasomaji walikuwa wameuliza: hiyo chapati anaweka maziwa ama maji ya moto? Na maharage, hayo madondo, yanalowekwa usiku? Mwingine alikuwa ameirarua chapati yake mwenyewe, akapiga video, akaiita "chapati ya Thika."

"Nishi unayo na hujui," Lynn akasema. "Chakula cha wafanyakazi. Na jina liko tayari, Karamu! Nani alikuchagulia? Huyo mtu ana akili sana."

Obiero alikuwa bado anasoma maswali ya chapati.

"Kuna watu wa unga wanataka kuweka tangazo. Ila hawawezi kukaa karibu na damu, unaelewa? Hizi zingine tunaziweka drafti. Hazifutwi, anko, zinafichwa tu kidogo. Watu wakija kwa chapati, wakikuzoea, unawarudishia mashine zako polepole. Kwanza uwalishe."

Hakuna anayeweza kusema alidanganywa. Alielewa kila neno. Lakini alikuwa amepiga kelele mwaka mzima peke yake, na sasa watu elfu tisa walikuwa wamegeuka kumtazama, na hakutaka kuuliza wanatazama nini. Akasema sawa. Lynn akabonyeza, na posti arobaini na moja zikaondoka kwa mara moja. Wanyoike akaondoka. Mourine akaondoka na kidole chake. Namba nne ikaondoka.

Kwa miezi minne akaandika matumbo, akaandika githeri ya mahindi na maharage, akaandika mihogo ya kukaanga ya pale nyuma ya soko. Alijifunza kusema "rojo" na "harufu inayokuita." Watu wakaanza kumtambua mitaani Thika. Kila wiki alimkumbusha Lynn kuhusu mashine, na kila wiki Lynn alimwambia bado kidogo, anko, tufike elfu ishirini. Ikafika wiki ambayo hakumkumbusha.

Benta ndiye aliyeona. "Jaduong', mzee wangu, umenenepa," alimwambia siku moja, akigeuza chapati. "Siku hizi hata kukasirika umesahau. Zamani ulikuwa ukikaa hapa wateja wanahama benchi. Sasa wanataka picha."

"Biashara yako si imekua, nyar Ugenya?" Obiero akamwita kwa jina la kwao.

"Imekua. Wanakuja na magari kutoka Nairobi. Wale wa hapo ng'ambo," akaonyesha geti kwa mwiko, "wakitoka kula hawapati pa kukaa."

Ilikuwa Jumatano, saa saba kasoro. Obiero alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga picha sufuria ya madondo kutoka juu, vile Lynn alivyomfundisha, mwanamke kijana aliyejifunga leso begani aliposimama chini yake.

"Wewe ndiye wa Karamu?"

"Ndiye mimi." Akatabasamu, akajipangusa mkono kwenye suruali, tayari kwa picha.

"Naitwa Kui. Nimetoka Ngoliba. Ulinipatia kakadi hapa hapa, mwaka jana, nikiwa pakingi, pale tunafunga mabeseni."

Obiero hakumkumbuka. Alikumbuka tarehe zote za dunia, uso huo hakuukumbuka.

"Siku hiyo tulisoma ile yako ya namba nne, tukacheka, kwa sababu tulikuwa pakingi, haituhusu. Mwezi uliopita wakanitoa pakingi wakanipeleka namba nne. Nikakumbuka kuna mahali nilisoma. Nikaingia choo nikafungua simu. Ile kitu haikuwa. Nikatafuta namba nne, nikapata unga vikombe vinne. Nikatafuta mashine, nikapata mashine ya kusaga nyama."

Alizungumza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akaitoa leso begani. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kifundo, na bendeji iliishia pale vidole vilipopaswa kuanzia.

"Nilikumbuka kuna kuhesabu," akasema. "Sikukumbuka ni mpaka ngapi."

Obiero akashuka benchi.

"Nilihesabu mbili."

Benta aliacha chapati ikaungua. Wateja wa magari waliendelea kula. Hawakuwa wamesikia, au walikuwa wamesikia.

"Nitazirudisha leo," Obiero akasema. Ndani yake kitu cha zamani kilikuwa kinaamka, na kilikuwa karibu kuwa furaha. "Zote. Na yako ya kwanza kabisa. Jina lako, tarehe, zamu, msimamizi alikuwa nani. Safari hii watu elfu ishirini watasoma. Hawataweza kusema uliumia nyumbani."

"Usiniweke."

"Sikiza, binti yangu..."

"Usiniite binti yako. Nimekuja urudishe ile ya kuhesabu, kwa sababu Jumatatu kuna mwingine atawekwa hapo. Sikukuja kuandikwa. Utaniweka hapo katikati ya matumbo na mihogo, watu waniangalie wakikunywa chai?" Akairudisha leso begani kwa mkono wa kushoto, vibaya, ikateleza, na Obiero alipotaka kumsaidia akarudi nyuma hatua moja. "Wewe ulitaka watu. Si umewapata?"

Alitaka kumwambia kwamba nia yake ilikuwa njema. Hata kile kiwanda kilikuwa na nia njema, kilikuwa kimeibandika ukutani ndani ya fremu.

Alasiri hiyo, pale saiba, Kagwe alimrudishia posti zote arobaini na moja. Kuhusu Kui hakuandika neno. Watu wa unga waliondoa tangazo lao kabla ya jua kuzama, na Lynn akapiga simu.

"Anko, umejiua! Ulikuwa na nishi!"

"Aliyeumia si mimi, Lynn."

"Nani ameumia tena? Anko, watu wanakutukana huko, umeona? Wanasema walikuja kukula wakapata maiti."

"Waambie waoshe mikono waende."

Akakata simu. Kufikia Jumapili wasomaji walikuwa kumi na wanne. Lakini hakuwa tena na imani na kitu kinachoweza kufichwa kwa kubonyeza mara moja. Alimwambia Kagwe amchapishie karatasi, herufi kubwa, mstari mmoja tu: NAMBA NNE INARUDIA. HESABU MPAKA TATU. Na akamsimamia, akiisoma kila herufi mwenyewe.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi alikuwa getini. Foleni ilikuwa ya watu kama themanini, wamejikunyata ndani ya masweta, pumzi zikitoka nyeupe. Alianzia mwisho akija mbele.

"Mzee wa chapati!" mtu akaita. "Leo umetuletea nini?"

"Karatasi."

"Za kufungia?"

Wakacheka. Wengi walizipokea kwa heshima ya umri wake, wakazitia mfukoni bila kusoma. Msichana mmoja mwenye kofia ya sufu ya kijani alisoma yake kwa sauti, kisha akaisoma tena.

"Namba nne gani, mzee?"

"Mashine. Wakikupangia mashine namba nne."

"Hakuna namba nne."

"Ipo. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na minne."

"Ilikuwako. Tangu yule dada wa Ngoliba aumie walipaka zote rangi mpya. Siku hizi zinaanzia ishirini na moja. Na walizihamisha Jumapili moja, zingine huku zingine kule. Hata sisi hatujui ilikuwa gani."

Obiero alisimama na karatasi zake. Wanyoike, namba nne. Mourine, namba nne. Posti arobaini na moja, na kote alikuwa ameandika namba, namba, namba. Hakuna mahali alipoeleza ile mashine yenyewe inafananaje. Miaka yote hiyo ya kukumbuka, kumbe ilifutika kwa kopo moja la rangi.

Mlinzi alikuwa ametokea kwenye mlango mdogo. Wewe. Wewe. Wewe, hapana. Foleni ikasogea, na Obiero akasogea nayo pembeni, akiwa ameshika mkono wa sweta ya yule msichana.

"Basi hesabu tatu kwa yoyote watakayokupatia."

"Nikihesabu tatu kwa kila beseni, kesho sitachaguliwa."

"Sikiza. Sikiza kwanza. Ile huwa inakohoa. Kabla haijarudia, inakohoa mara moja, hivi, kama mtu wa kifua. Ukisikia yako inakohoa..."

"Mzee," msichana akasema, akijitoa taratibu, maana mlinzi alikuwa ameshamwonyesha yeye, "zote zinakohoa."